Jumamosi Tano Bila Kupima Oili

Kila Jumamosi asubuhi, kabla gari halijawashwa, Chiriku alikuwa na kazi yake. Alifungua boneti, akachomoa stiki ya kupimia oili, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha, kisha akaichomoa tena na kuisoma. Stiki ilikuwa na alama mbili. Oili ikifika alama ya juu, mambo shwari. Ikishuka karibu na alama ya chini, alimwita mama yake aje aongeze. Mwisho aliandika tarehe na neno moja katika daftari dogo lililokaa ndani ya dashibodi: “Imejaa,” au “Imepungua.”

Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi ile ya oili alipewa alipotimiza kumi. Mama yake alikuwa dereva wa teksi, na gari lile alilinunua jipya kutoka kwenye duka la magari lililo karibu na mzunguko wa barabara kuu. Aliliosha kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga.

“Mimi naendesha, wewe unapima,” mama alipenda kumwambia. “Hii teksi ina wenyewe wawili.”

Chiriku alijiona mkubwa. Mwaka mzima na miezi kadhaa hakukosa hata wiki moja.

Halafu akachaguliwa katika timu ya mpira wa pete ya shule. Mazoezi yalikuwa Jumamosi asubuhi, na mwalimu wa michezo hakuwa na mzaha na wachelewaji. Jumamosi ya kwanza Chiriku alitoka mbio, viatu mkononi, akajiambia kuwa wiki iliyopita oili ilikuwa imejaa, kwa hiyo haiwezi kuwa imekwenda popote. Akaandika “Imejaa” bila kugusa boneti. Jumamosi ya pili alifanya vivyo hivyo. Mbili zilizofuata hakuandika kitu kabisa. Ya tano, alipoliona daftari lina mapengo, alikaa kwenye kiti cha nyuma cha gari akayajaza yote kwa mkupuo mmoja, kwa kalamu ile ile ya bluu: Imejaa. Imejaa. Imejaa.

Wakati huo gari lilikuwa na tatizo jingine, ambalo lilianza kabla ya mpira wa pete. Kila asubuhi likiwashwa lilitoa sauti ya ajabu, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Baada ya muda kidogo sauti ilikufa. Mama alilipeleka kwenye karakana ya duka lililomuuzia. Walisikiliza, wakaandika kwenye fomu, wakamwambia, “Ni kawaida, mama. Injini inapasha moto tu.” Alirudi mara ya pili, akaambiwa maneno yale yale. Alitoka pale akiwa amekunja uso.

“Kawaida gani hii?” alimuuliza Chiriku njiani, kana kwamba Chiriku ndiye aliyetengeneza gari. “Mbona mwaka jana haikuwa kawaida?”

*

Gari lilikufa siku ya Jumanne, katikati ya mlima, na bibi akiwa ndani.

Bibi, mama yake mama, alikuwa akiishi nao tangu alipopigwa na kiharusi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea na maneno yalimtoka kwa shida, moja moja, kama mtu anayechuma matunda asiyoyafikia vizuri. Kila Jumanne na Alhamisi mama alimpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mtaalamu aliushika ule mkono, akaukunja na kuunyoosha, na wiki zile bibi alikuwa ameanza kushika kikombe mwenyewe. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Chiriku aliambatana nao.

Walikuwa wamefika nusu ya mlima injini ilipopiga kelele moja kali, mfano wa sahani zinazoanguka jikoni, kisha ikanyamaza. Mama aligeuza ufunguo. Injini ilizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, bila kushika. Akageuza tena. Na tena.

“Usiniache hapa,” mama aliliambia gari kwa sauti ya chini. “Nakuomba, si hapa.”

Magari yaliyokuwa nyuma yalianza kupiga honi. Wapita njia watatu walisaidia kulisukuma pembeni. Bibi alibaki amekaa kiti cha mbele, mkono wake mzima umeshika mkanda, akimtazama binti yake anavyohangaika. Hakuweza kushuka kusukuma, hakuweza hata kusema pole kwa haraka. Mlango wa mtaalamu ulikuwa umeshafungwa walipopata wa kuwarudisha nyumbani.

*

Fundi aliyelifungua gari aliitwa Masikio, kwa sababu alisikiliza injini kwanza kabla ya kushika spana. Safari hii hakukuwa na cha kusikiliza. Aliondoa kifuniko cha mbele cha injini, akaingiza vidole, akatoa kipande cha cheni nyembamba ya chuma iliyolowa oili nyeusi, na kipande cha plastiki kilichovunjika.

“Dada, njoo uone,” alimwita mama. “Injini ina watu wawili wanaocheza ngoma moja. Pistoni ziko chini, vali ziko juu. Cheni hii ndiyo inayowafanya wacheze kwa mdundo mmoja. Ikikatika, kila mmoja anacheza lake, wanagongana. Vali zako zote zimepinda.”

“Cheni inatakiwa kukaa muda gani?”

“Miaka na miaka. Wengine wanauza gari wala hawajawahi kuiona.” Masikio alikigeuzageuza kile kipande cha plastiki. “Lakini hili ni gari la tatu la aina hii mwezi huu. Hiki kikaza cheni kinavunjika, cheni inalegea, ndiyo ile kelele ya asubuhi.” Akaonyesha beseni lililokuwa chini ya gari. “Ila kuna jambo. Nimemwaga oili, imetoka pungufu. Pungufu sana. Nani anapima?”

“Binti yangu,” mama alijibu papo hapo. “Kila Jumamosi, hakosi. Daftari lipo, nenda kaangalie.”

Masikio alimtazama Chiriku. Chiriku aliangalia viatu vyake.

“Basi itakuwa imevuja baada ya cheni kukatika,” Masikio alisema, lakini alisema polepole, kama mtu asiyeamini anachosema.

*

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Mama alikwenda kwenye duka la magari, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya picha kubwa ya gari linalong'aa. “Meneja yuko kwenye kikao.” Akarudi kesho yake. “Meneja ametoka sasa hivi, mmepishana mlangoni.” Siku ya nne alimpata. Meneja wa huduma alikuwa mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na upole wake ndio uliomchosha mama kuliko kufokewa.

“Mama, tunakuelewa kabisa,” alisema. “Lakini cheni zetu hazikatiki zenyewe. Zinakatika kwa matunzo mabaya. Oili ikipungua, cheni inaumia. Hatuwezi kubeba uzembe wa mteja.”

“Nilileta gari hapa mara mbili! Mliandika wenyewe!”

“Na tulikwambia ni kawaida. Pole sana, mama.”

Mama alipiga simu, ikaita mpaka ikakata. Aliandika barua, ikajibiwa kwa mistari mitatu isiyosema kitu. Jioni alikaa mlangoni akiitazama nafasi tupu mahali gari lilipokuwa likiegeshwa.

Bibi hakwenda tena kwenye mazoezi. Basi hakuliweza, ngazi zake zilikuwa ndefu. Dereva mwenzake mama aliwabeba mara mbili, mara ya tatu akasema ana safari, nao hawakumlaumu. Mama alijaribu kumfanyisha mazoezi nyumbani, lakini hakujua pa kushika, na bibi aliumia akauma mdomo asilie. Siku baada ya siku vidole vya mkono wa kulia vilijikunja ndani ya kiganja. Kikombe kikarudi mkono wa kushoto. Chiriku alikuwa akiviona vidole hivyo kila alipompelekea bibi chai, na kila alipoviona aliikumbuka ile kalamu ya bluu.

Halafu mama akakutana na wenzake. Masikio ndiye aliyewaunganisha. Alikuwepo mwalimu mstaafu ambaye gari lake lilizimika akienda mazikoni, na muuza maziwa ambaye ndoo zake zote ziliharibika juani siku injini yake ilipokufa. Walipotafutana walifika wamiliki kumi na mmoja, wote wa gari lile lile, wote cheni ile ile. Walipeleka malalamiko kwenye ofisi inayosimamia haki za wateja, wakapangiwa siku ya kusikilizwa.

Walifanya kikao sebuleni kwa mama. Mwalimu mstaafu alivaa miwani, akalifungua daftari la oili, akalipitia ukurasa kwa ukurasa.

“Jamani, hili ni dhahabu,” alisema. “Mimi natunza gari langu vizuri, lakini sikuandika popote. Ninyi pia hamkuandika. Huyu mtoto ameandika kila wiki! Watathubutu vipi kusema tumezembea? Tutaanza na hili, na nakala yake itangulie ofisini.” Akamgeukia Chiriku. “Hongera, mjukuu wangu.”

Muuza maziwa alipiga makofi. Mama alicheka, kicheko cha kwanza tangu siku ya mlimani, akamvuta Chiriku kifuani. Chiriku alisimama pale amekakamaa kama ubao.

Kesho yake, mama alipotoka, alimwambia bibi. Alidhani itakuwa rahisi kumwambia mtu asiyeweza kumjibu sana. Alieleza yote, Jumamosi zote tano, akilia. Bibi alimsikiliza. Midomo yake ilihangaika kwa muda mrefu kabla neno halijatoka.

“Mama,” alisema. Akapumua. “Mwambie… mama.”

“Siwezi, bibi. Amefurahi. Nikimwambia tutashindwa, na gari halitatengenezwa, na wewe…” Hakumaliza. Bibi hakuondoa macho usoni pake.

*

Siku ya kusikilizwa ilifika na Chiriku alikuwa bado hajasema. Kila alipofungua mdomo, mama alikuwa anapiga pasi gauni, au anahesabu nakala za barua, au anasema, “Leo Mungu akipenda, mwanangu.” Walifika ofisini mapema. Kwenye korido walikaa kwenye benchi refu pamoja na wenzao. Mlango ulikuwa umefungwa, na karatasi iliyobandikwa ilionyesha kuwa zamu yao ni ya pili.

Mama alilitoa daftari kwenye mkoba akaliweka magotini. Chiriku aliweka kiganja chake juu yake.

“Mama, si kweli.”

“Nini si kweli?”

“Humo ndani. Jumamosi tano za mwisho sikupima. Nilikuwa naenda mpirani. Niliandika tu.”

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Alilitazama daftari, akalifungua mwishoni, akapitisha kidole juu ya maneno yale ya bluu yaliyofanana kama mapacha.

“Nilikuwa nambeba mama yangu,” alisema taratibu. “Nilikuwa nabeba watu. Nikiamini macho yako.”

Muuza maziwa, aliyekuwa pembeni, alisikia. Akasogea haraka. “We mtoto, nyamaza! Nani mwingine anajua? Dada, maneno haya yaishie hapa hapa kwenye benchi. Ukiyapeleka ndani, unatuzamisha wote kumi na mmoja!”

Mwalimu mstaafu alivua miwani, akaivaa tena. Mama alimtazama, akamtazama muuza maziwa, akautazama mlango. Chiriku hakuwahi kumwona mama yake hivyo, kama mtu aliyesimama katikati ya barabara asijue akimbilie upande upi. Mlango ukafunguliwa. Wakaitwa.

Ndani kulikuwa na meza ndefu. Afisa wa malalamiko, mwanamke wa makamo mwenye sauti kavu, alikaa katikati. Meneja wa huduma alikaa upande wa kulia na faili lake. Mama alipopewa nafasi ya kueleza, alisimama akiligeuzageuza daftari hadi afisa akauliza kama anaumwa.

“Siumwi,” mama alisema. “Nilikuja na daftari kuonyesha kuwa oili ilipimwa kila wiki. Sasa hivi nje nimeambiwa na binti yangu kuwa wiki tano za mwisho haikupimwa. Siwezi kukupa kitu ninachojua si kweli. Basi.”

Muuza maziwa alishika kichwa. Meneja aliinuka nusu.

“Mheshimiwa, mmesikia wenyewe! Tulisema tangu mwanzo. Uzembe, na juu yake udanganyifu. Kama daftari hili ni la uongo, maneno ya hawa wengine kumi tuyaamini vipi?”

Hicho ndicho Chiriku alichokiogopa, na sasa kilikuwa kimesemwa kwa sauti mbele ya watu wote.

“Kaa, bwana,” afisa alisema. “Mtoto, njoo. Chukua penseli. Weka alama kwenye kila wiki ambayo hukupima. Usinipunguzie hata moja.”

Chiriku alichukua penseli. Aliweka alama tano. Afisa alihesabu, kisha akarudisha kurasa nyuma.

“Na hizi za kabla ya hapo?”

“Hizo nilipima kweli. Zote.”

“Kwa nini nikuamini?”

“Sijui,” alisema. “Lakini nilipima.”

Afisa alimgeukia meneja. “Lete ile fomu yenu ya karakana. Mama huyu alileta gari mara ya kwanza kwa ajili ya kelele tarehe ngapi?” Meneja alitafuta kwenye faili, akaisoma tarehe kwa sauti ndogo. “Na fundi wenu aliipima oili siku hiyo?”

“Imeandikwa… imejaa.”

“Kwenye daftari la mtoto wiki hiyo pia imejaa. Kwa hiyo kelele ilianza oili ikiwa imejaa.” Alifunga daftari. “Sitaamua leo. Nitamteua fundi asiye wa kwenu wala wa kwao. Afungue injini tatu, ikiwemo ya gari la huyu mwalimu. Tusikie chuma kinasema nini.”

Walitoka bila ushindi. Kwenye korido muuza maziwa alipita bila kuaga. Mama na Chiriku walitembea hadi nyumbani, mama akitangulia hatua kadhaa mbele.

*

Majibu yalichukua wiki sita. Fundi aliyeteuliwa alikuta kikaza cheni kimevunjika mahali pale pale katika injini zote tatu. Gari la mwalimu mstaafu lilikuwa na oili hadi alama ya juu, na bado kilivunjika. Afisa aliandika kuwa kifaa kilikuwa kibovu tangu kilipotengenezwa, na kwamba duka lilipaswa kuwaonya wateja badala ya kuwaambia ni kawaida. Magari yote kumi na moja yalipaswa kufungwa cheni na vikaza vipya.

Lakini gari la mama lilikuwa na aya yake peke yake. Kwa kuwa oili ilipungua sana, na hakuna aliyeweza kusema imechangia kiasi gani, gharama ya vali zilizopinda ilikuwa juu yake mwenyewe. Kwa miezi miwili mama aliendesha gari la mtu mwingine ili azilipie, akitoka alfajiri, hadi Masikio alipozimaliza zile vali.

Mwalimu mstaafu alikuja kuwaeleza kuwa afisa alimwambia jambo moja: meneja alikuwa tayari ameshaliona daftari katika nakala walizopeleka, na alikuwa amejipanga kuonyesha kuwa wiki tatu za mwisho ziliandikwa kwa siku moja. “Angelisema yeye kwanza,” mzee alisema, “tungeonekana sote matapeli, na injini zisingefunguliwa.”

Chiriku alisikia, lakini hakufurahi. Siku hiyo, gari likiwa limetengenezwa, walikuwa wamempeleka bibi kwa mtaalamu. Mtaalamu aliushika mkono kwa muda mrefu. Vidole vitatu vilifunguka kidogo kidogo. Viwili vya mwisho havikufunguka. “Tutaendelea kujaribu,” alisema, “lakini wiki zile zilizopotea ni nyingi.”

Jioni hiyo, wakiosha vyombo, Chiriku aliuliza swali alilolibeba muda mrefu. “Mama, ni mimi niliyeikata ile cheni?”

Mama alifikiri. “Sijui. Kifaa kilikuwa kibovu. Oili ilikuwa pungufu. Kipi kilimaliza, hata fundi hakusema. Labda cheni ingekatika tu. Labda ingesubiri, bibi akapata wiki nyingine chache. Hilo hatutalijua, na wewe itabidi ukae nalo. Nami nitakaa nalo pamoja nawe.”

Alisuuza sahani akaiweka pembeni.

“Lakini kuna kitu ninachokijua. Kukosa kupima si kosa kubwa. Ungeniambia, ‘Mama, leo sikupima,’ ningepima mwenyewe, yakaisha. Kosa ni lile neno uliloandika. Mtu akiandika kuwa ameangalia, sisi wengine tunaacha kuangalia. Tunaendesha tukiwa tumefumba macho, tunadhani yake yako wazi. Fanya kazi yako, na siku ambayo hukuifanya, sema hukuifanya. Hata kama unaogopa. Hasa ukiwa unaogopa.”

“Ndiyo, mama.” Chiriku alikausha mikono. “Sasa unaniamini tena?”

Mama aligeuka akamtazama. Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini hayakuwa na hasira.

“Bado,” alisema. “Nikikwambia ndiyo leo, nitakuwa nimekudanganya. Lakini siku ile kwenye benchi ulianza vizuri. Endelea hivyo hivyo, mwanangu.”

Kisha akampa sahani nyingine akaushe.